Injini ya graviti kwa meli ya kwenda nyota nyingine: kuanguka, kiputo au kombeo?

Mchora_Nyota
Wadau habari zenu. Naandika hadithi ndefu ya meli inayotoka huku kwenye jua letu kwenda Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, na nimekwama kwenye injini wiki ya tatu sasa. Roketi sitaki kabisa. Chombo cha NASA Voyager 1 kilichorushwa 1977 kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, kwa spidi hiyo miaka nuru 4.24 inakula kama miaka 75,000, na roketi hata iwe kubwa vipi inabeba mafuta ambayo nayo yanataka mafuta mengine ya kuyasukuma. Nataka graviti ndo iivute meli. Nina njia tatu. Ya kwanza naiita injini ya kuanguka, unaweka tufe zito sana mbele, meli inaliangukia, na tufe linasogezwa muda wote ili meli isilifikie. Ya pili kiputo cha Alcubierre, yaani nafasi yenyewe inayoizunguka meli ndo inasogea na kuibeba. Ya tatu kombeo, unapita karibu na kitu kizito kinachotembea unachukua sehemu ya spidi yake. Moyo wangu uko kwenye ya kwanza, maana mnaanguka wote, wewe na kiti na ukuta, hakuna anayebanwa hata kama kasi inaongezeka vibaya sana. Nisaidieni kuchagua.

Kanuni_ya_Tatu
Mkuu ya kwanza haiendi. Nani anasogeza hilo tufe? Kama limeshikwa na nguzo inayotoka kwenye meli, tufe linaivuta meli mbele, meli inalivuta tufe nyuma kwa nguvu ileile, nguzo inabanwa katikati na nyie mmebaki palepale. Kama tufe lina injini yake basi hiyo ni roketi uliyoikataa, tena imebeba mzigo wa kutisha. Piga hesabu: kupata mvuto sawa na wa Duniani ukiwa kilomita 1 kutoka kwenye tufe unahitaji tani trilioni 147, yaani kama ule mwezi wa Mars unaoitwa Phobos mara 14 hivi.

BintiSayari
Kombeo lina heshima yake jamani, ndo pekee kati ya haya matatu ambalo limeshafanya kazi. Voyager 2 ilipita Jupiter, Saturn, Uranus mpaka Neptune mwaka 1989 kwa ujanja huo. Ila spidi ndo shida. Hata chombo cha kuchunguza Jua, Parker Solar Probe, iliyopita Venus mara 7 ili ishuke karibu na Jua, Desemba 2024 ilifika kama kilomita 192 kwa sekunde, na kwa spidi hiyo Proxima bado ni miaka zaidi ya 6,600. Mwanafizikia Freeman Dyson mwaka 1963 aliwaza makubwa zaidi, utumie nyota mbili nzito sana zinazozungukana kwa karibu, zikutupe. Wazo zuri mno na mi nalipenda, lakini zile palsa mbili (mabaki mazito sana ya nyota zilizolipuka) zinazozungukana zilizogunduliwa 2003 ziko zaidi ya miaka nuru 2,000. Ukifika huko kuchukua spidi umeshasafiri umbali wa Proxima mara mamia.

MwalimuWaUsiku
Kwenye kiputo niseme. Mwanafizikia Miguel Alcubierre 1994 alionyesha kwa milinganyo ya Einstein kwamba nafasi yenyewe inaweza kubanwa mbele ya meli na kutanuliwa nyuma, waliomo ndani hawahisi chochote na saa zao zinaenda sawa na za nyumbani. Inahitaji nishati hasi, yaani nishati iliyo chini ya sifuri, hiyo inajulikana. Kinachoniumiza mimi ni kingine. Kiputo kikizidi spidi ya mwanga, hakuna ishara kutoka kwenye meli inayoweza kufika kwenye ukuta wa mbele, kwa hiyo nahodha hawezi kukipinda wala kukizima. Sasa Mchora, hadithi yenye nahodha asiyeweza kushika usukani utaiandikaje?

Kanuni_ya_Tatu
Hapo hapo. Kama uko tayari kukubali nishati hasi kwa ajili ya kiputo, kubali masi hasi (maada yenye uzani chini ya sifuri) kwa ajili ya injini yako ya kwanza na itafufuka. Mwanafizikia Hermann Bondi aliandika 1957: masi chanya inavuta kila kitu, masi hasi inafukuza kila kitu. Weka tufe chanya mbele na tufe hasi nyuma, yenye masi ya kiasi kimoja. La nyuma linalifukuza la mbele, la mbele linalivuta la nyuma, yote mawili yanakimbia upande mmoja bila kukoma. Na sheria haijavunjwa, momentamu (masi mara mwendo) ya moja ni chanya ya jingine ni hasi, jumla ni sifuri siku zote, nishati vilevile.

BintiSayari
Masi hasi si ndo antimata?

MwalimuWaUsiku
Hapana dada. Antimata ni maada ambayo chembe zake zina chaji iliyogeuzwa, na jaribio la ALPHA pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, lilionyesha 2023 kwamba antihaidrojeni (haidrojeni ya antimata) inaanguka chini kama vitu vingine. Masi hasi haijawahi kuonekana popote.

Mchora_Nyota
Aisee. Kwa hiyo naiweka meli katikati ya matufe mawili?

Kanuni_ya_Tatu
Usiweke. Pale katikati meli inavutwa mara 8 ya kasi wanayoongeza matufe yenyewe, itapigwa kwenye tufe la mbele. Nimekaa na hili jana usiku mpaka likanifurahisha: mahali meli inapokwenda sambamba na jozi ni pale ambapo umbali wake hadi kila tufe ni sawa na umbali kati ya matufe, pembetatu ya pande sawa. Na sehemu kama hiyo haiko moja, ziko nyingi zinazunguka jozi yote, zinaunda pete! Basi meli yenyewe ijenge iwe pete. Matufe yakiachana mita 1,000 inakuwa na nusu kipenyo cha mita 866, ukiizungusha mara 1 kwa dakika watu wanasimama sakafuni kwa karibu uzito wao wote wa Duniani. Sasa chukua masi ile ya tani trilioni 147, kila tufe liwe nayo mara 10. Kasi inaongezeka 10 g, yaani mara 10 ya mvuto wa Duniani, kwenye roketi hiyo ni kifo, kwenye pete hawaihisi, na Proxima inafikiwa kwa miezi 9 ya ndani ya meli, miaka 4.4 ya Duniani, ukihesabu na kupunguza mwendo nusu ya pili.

MwalimuWaUsiku
Nzuri sana, ila pete ikipotoka hakuna kinachoirudisha, na pete nayo inayavuta matufe yanasogeleana polepole. Wanahitaji mafundi wa zamu, usiku na mchana.

Mchora_Nyota
Nafuta sura tatu za mwanzo naanza na pete. Na kupunguza mwendo nageuza jozi ndani ya pete, au?

Kanuni_ya_Tatu
Usithubutu mkuu, tufe litapita mita 366 kutoka kwenye ukuta, hapo mvuto ni 75 g, pete inachanika. Geuzeni vyote kwa pamoja. Na pete inayozunguka ni kama pia ya kuchezea watoto, inakataa kugeuzwa, kwa hiyo lazima waisimamishe kwanza, watu waelee bila uzito mpaka nyuma iwe mbele, ndo waanze kuizungusha tena.