Kombi ya kabureta inapiga mabomu: nianze na kabureta, pointi au valvu?

Msafiri_72
Wakuu, salaam. Nina Kombi ya Volkswagen ya 1972, injini ya 1600 inayopozwa na hewa, kabureta moja ya Solex 34 PICT-3, distributa (kigawa moto wa plagi) bado ya pointi, vile visahani vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke. Nikiachia mafuta kwenye mteremko, bomba la moshi linapiga bomu, pengine mara mbili tatu mfululizo. Nikipanda mlima, injini inashikwa na kwikwi, halafu kabureta inapiga chafya.

Nimepewa ushauri wa aina tatu: nifungue kabureta niweke jeti (vitundu vya kupimia petroli) na gasketi mpya, nitoe pointi nifunge moduli ya elektroniki, au nipime valvu na kompresheni (mgandamizo wa silinda) kabla ya kununua chochote. Ipi ianze? Gari hili nalipenda, sitaki kulibahatisha.

Grisi_Mkononi
Mkuu, hayo ni magonjwa mawili, yatenganishe kwanza. Bomu la nyuma ni petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda ikawakia kwenye bomba. Likitokea ukiachia mafuta tu, tafuta mahali ambapo bomba linavuta hewa: gasketi za ekzosi na maungio yake. Masizi meusi kwenye ungio ndiyo alama yake. Chafya ya mbele ni moto kurudi kupitia valvu ya kuingizia. Hapo shuku petroli kuwa chache kuliko hewa, taimingi (wakati wa cheche kuruka) mbovu, valvu isiyofunga vizuri, au kemu (nundu inayofungua valvu) iliyolika. Kemu ya valvu ya kutolea moshi ikilika, moshi hukosa njia ukarudi mbele.

Solex_Damu
Mimi naanza na kabureta. Chafya ya mlimani ni njaa ya petroli. Ila usifungue kwa kukisia, zisome plagi kwanza. Panda mlima hadi kwikwi ianze, zima injini papo hapo huku umekanyaga klachi, jiegeshe mahali salama uzitoe. Rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe ni njaa, masizi makavu meusi ni petroli kupita kiasi. Zote nne zikiwa nyeupe, tatizo liko kwenye njia ambayo silinda zote zinashirikiana. Ikiwa moja tu, achana na kabureta, nenda kwenye silinda hiyo.

Tazama pia pampu ya kuongezea kasi. Injini ikiwa imezimwa, vuta wenzo wa kabureta huku unachungulia kooni mwake: petroli iruke saa hiyo hiyo. Isiporuka, utapata chafya kila ukikanyaga ghafla.

Dada_Spana
Solex_Damu, kwa heshima, kabureta inafunguliwa mwisho. Nimeona nyingi zikivuliwa bila kosa lolote, zikarudishwa zikiwa mbovu zaidi. Pointi zinataka nafasi ya mm 0.4. Ule mguu wa plastiki unaosuguana na kemu ya distributa ukilika, nafasi inapungua, pointi zinachelewa kufunguka na taimingi nzima inarudi nyuma. Moto ukichelewa, moshi unatoka ukiwa bado unawaka, na mabomu ya nyuma unayapata hapo. Ndiyo maana pointi hurekebishwa kabla ya taimingi, kamwe si baada yake.

Kuhusu moduli: ni nzuri, inakuondolea kazi ya pointi. Lakini haitibu uzito wa ndani ya distributa (unaowahisha cheche kasi ikipanda) ulioshika kutu, wala diaframu (kiwambo kinachosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa) iliyotoboka. Nyonya mpira wa diaframu kisha uzibe kwa ulimi: sahani ya ndani isogee na ibaki ilipo. Ikirudi, diaframu imekwisha. Usiku fungua kifuniko cha injini uangalie waya za plagi gizani. Cheche zikicheza juu ya waya utaziona kwa macho. Hakikisha pia mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-4-3-2. Wengi wamezoea 1-3-4-2 ya injini nyingine.

Tapeti
Valvu kwanza, injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya mm 0.15. Tena sikilizeni: valvu inayogonga kidogo hainitishi. Inayonitisha ni ile iliyonyamaza, maana imekosa nafasi, haikai kwenye kiti chake na inaungua taratibu. Silinda ya 3 ina sifa mbaya hapo, hasa injini za kabla ya 1971, ambazo kipoza oili kilikaa kwenye njia ya hewa yake. Kupima hakugharimu kitu zaidi ya muda.

Msafiri_72
Je, mipira ya manifoldi (bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda)? Mmoja una nyufa ndogo.

Grisi_Mkononi
Ubadilishe, lakini uvujaji huo huonekana zaidi injini ikiunguruma bila kukanyagwa. Nyunyizia maji yenye sabuni juu ya mpira. Mlio ukibadilika, umepata tobo. Usitumie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini ya moto. Na usichungulie kooni mwa kabureta wakati mtu anawasha. Acha chujio la hewa mahali pake, linazuia mwali.

Msafiri_72
Nimerudi. Nilianza na valvu kama alivyosema Tapeti: ya kutolea moshi ya silinda ya 3 ilikuwa na mm 0.05 tu. Pointi zilikuwa mm 0.2, nimeziweka 0.4 na kupanga taimingi upya kwa taa ya taimingi. Mabomu yamepungua sana, chafya ikabaki vilevile. Nikazisoma plagi: zote nne nyeupe. Chujio la petroli lilikuwa limejaa kutu ya tanki. Nimebadilisha chujio na mpira wenye nyufa, na mlima ule ule nimeupanda bila kwikwi, kabureta sikuifungua.

Tapeti
Safi. Hiyo valvu ya 3 ipime tena baada ya kilomita 500. Ikiwa imepungua tena, inarefuka au kiti kinazama. Kichwa cha silinda kishushwe kabla valvu haijakatikia ndani.

Solex_Damu
Nakubali, chujio lilitangulia. Tanki nalo lioshwe, la sivyo jeti zitaziba tu.

Msafiri_72
Nimewaelewa. Bomu moja dogo limebaki kwenye mteremko, na ungio la ekzosi upande wa kushoto lina masizi. Gasketi ninayo, naifunga kesho asubuhi injini ikiwa baridi.