Watoto wafundishwe kuhusu matabaka, au waachwe kwanza wakue?

Ndugu aliyefungua mjadala huu amesema kwamba kumfundisha mtoto habari za matabaka ni kumpandikizia chuki dhidi ya wenye nacho, au unyonge ikiwa kwao hakuna kitu, na kwamba somo hilo lisubiri hadi sekondari. Hofu yake naielewa. Hitimisho lake silikubali, kwa sababu linachukulia kuwa mtoto hajui lolote mpaka aambiwe.

Mtazameni mtoto wa miaka saba ambaye kiatu chake kimeachama: huurudisha mguu nyuma na kuuficha chini ya dawati kabla mwenzake hajautazama. Hakuna aliyemfundisha tabaka. Amelisoma mwenyewe, na kwa kuwa wakubwa wamenyamaza, anajitafutia maelezo, ambayo mara nyingi huwa kwamba baba yake si mchapakazi. Mwenye viatu vipya naye hujiambia kwamba kwao wamestahili. Chuki na unyonge anavyoviogopa ndugu yetu vinaota hapo, katika ukimya.

Somo lenyewe si gumu. Ripoti ya dunia ya mwaka 2022 kuhusu ukosefu wa usawa ilikadiria kwamba asilimia 10 ya watu wazima walio matajiri zaidi wanamiliki asilimia 76 ya mali yote, huku nusu ya watu wazima wote, ile iliyo chini, ikiwa na asilimia 2. Pangeni viti kumi kwa watoto kumi: mmoja anajinyoosha juu ya viti saba na nusu, wanne wanabanana kwenye viwili na ushei, na watano waliobaki hawafikishi hata robo ya kiti. Swali linalofuata watauliza wenyewe: huyu alivipataje? Mwalimu ajibu yote, yaani bidii, naam, lakini pia urithi, ardhi, ujira, kodi na aina ya shule mtu aliyosoma. Akiitaja bidii peke yake atakuwa amedanganya, na akiiacha kabisa, vilevile.

Nakubaliana na ndugu yetu jambo moja: mtoto asigeuzwe kielelezo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 2, unakataza ubaguzi kwa misingi ya mali ya mtoto au ya wazazi wake, kwa hiyo mwalimu asimsimamishe yeyote aeleze mzazi wake anafanya kazi gani. Nafasi kwenye viti zigawiwe kwa kura, ili yule mwenye kiatu kilichoachama naye aweze kuangukia viti saba na nusu.