Mrejesho: mdogo wangu aliyekamatwa Houston amepatikana

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza jinsi ya kujua mdogo wangu aliyekamatwa Houston, Texas, yuko wapi, simu yake imezimwa na huku Moshi mama halali.

Shukrani za pekee kwa aliyesema niachane na polisi wa jiji, nitafute kwenye tovuti ya sherifu wa Kaunti ya Harris, maana ndiye mwenye jela. Ni bure. Siku ya kwanza sikuona kitu, nikalia. Kumbe wao hutafuta kwa jina la ukoo, nami nilikuwa naandika la baba. Nilipoweka la babu pamoja na tarehe ya kuzaliwa, akatokea: kosa analotuhumiwa na kiasi cha dhamana. Tarehe ya mahakamani niliipata kwa karani wa mahakama za wilaya wa kaunti hiyohiyo.

Kilichoshindikana ni faini yake ya zamani ya barabarani. Huko haipo, kwa sababu kesi ndogo za faini tupu za ndani ya jiji huenda mahakama ya jiji, yenye kumbukumbu zake. Hiyo bado naihangaikia.

Halafu kabla sijasoma majibu yenu nilishalipa dola 30 kwa tovuti moja ya "rekodi zote". Ikaniletea mtu mwingine kabisa, mzee wa miaka 61!

Dogo ametoka kwa dhamana juzi. Kesi ni mwezi ujao, wakili tunaye. Asanteni sana.