Themostati (kidhibiti joto) ya waifai kwenye bruda, banda la kulelea vifaranga: kioo kinazima na kuwaka, balbu zinapepesa. Kosa liko kwenye waya gani?

Vifaranga_Mafinga:
Kamwene wakuu. Naomba msaada wa haraka, vifaranga 300 wanaingia Jumamosi na baridi ya huku Julai mnaijua.

Themostati ni ya ukutani, ya waifai, volti 230. Ina tundu la L (laivu, waya yenye moto), tundu la N (nyutro, waya ya kurudishia umeme), tundu la kwenda kwenye hita, na mawili ya sensa. Inatakiwa kuendesha balbu 4 za kulelea vifaranga, wati 250 kila moja. Fundi ameifunga palipokuwa na swichi ya balbu hizo. Kwenye boksi la swichi mlikuwa na waya mbili tu, zote nyekundu. Alipima kwa tesita, moja ikawaka, nyingine haikuwaka, akasema isiyowaka ni nyutro. Inayowaka akaiweka L. Nyingine akaiweka N, na kutoka hapo N akaruka na kipande cha waya hadi tundu la hita.

Kinachotokea: kioo kinawaka, kinasoma nyuzi 17. Nikipandisha hadi 33 inalia "tak", balbu zinawaka kwa nguvu sekunde moja, kioo kinazima, balbu zinazima, kioo kinarudi, "tak" tena. Breka ya 10A haijaruka, RCD (kikata umeme unapovuja) haijaruka. Nimezima kila kitu. Ni mbovu?

Fundi_Uyole:
Mkuu, kifaa chako ni kizima. Hapo hakuna nyutro kabisa.

Nyumba nyingi zetu laivu inashuka kwenye swichi, kisha inapanda kwenda kwenye taa. Nyutro inabaki juu, inakwenda kwenye holda moja kwa moja. Kwa hiyo waya ya pili uliyonayo ni ya kurudi kwenye balbu. Tesita haiwaki juu yake kwa sababu imeunganishwa na nyutro kupitia waya za ndani ya balbu. Hata maltimita itakudanganya, itaonyesha 230 kati ya waya hizo mbili.

Hakikisha hivi. Zima breka, toa waya zote kwenye themostati, zitenganishe, funika ncha kwa koneta. Washa, pima kati ya waya mbili: utapata kama 230. Zima, fungua balbu zote 4 kwenye holda, washa, pima tena. Nyutro ya kweli ingebaki palepale kwenye 230. Ikiporomoka, au ikabaki namba inayoelea tu, umepata jibu.

Sasa hiyo "tak". Kioo kinakula umeme kidogo sana, kinaupata kupitia balbu, ndiyo maana kinawaka. Rilei (swichi ya ndani ya themostati, ndiyo inayolia) ikifunga, L inaungana na tundu la hita, na kile kipande cha waya kinaipeleka laivu hadi N. Pande zote mbili za themostati zinakuwa laivu, tofauti ni sifuri, kioo kinakufa. Rilei inaachia, kioo kinafufuka. Ikiachwa usiku kucha hivyo, rilei itaungua.

Dawa ni kushusha nyutro kutoka kwenye boksi la kuungia waya lililo juu ya dari, la saketi hiyohiyo. Na hapa nasisitiza: toa kile kipande cha waya kwanza. Ukileta nyutro ya kweli nacho kikiwa bado kipo, rilei ikifunga tu umepiga shoti kati ya laivu na nyutro.

Mjenzi_Ipogolo:
Kwani ethi (waya ya ardhini) haiwezi kutumika kama nyutro? Boksi za chuma huwa nayo karibu.

Fundi_Uyole:
Hapana, ndugu yangu. Ukiwa na RCD inaweza kuruka. Kama hakuna RCD ni hatari zaidi: ethi ikikatika mahali, kila chuma kilichounganishwa nayo kinaweza kuwa na moto, na kwenye bruda kuna waya wa wavu na vyombo vya maji. Nyutro ya saketi nyingine pia usiiguse. Na kazi ya juu ya dari mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Vifaranga_Mafinga:
Nimepima. Balbu zikiwemo: 228. Balbu zikiwa nje: 31, inapanda na kushuka. Umenitoa gizani, mkuu. Nyutro imeshushwa leo, nyeusi, ya milimita mraba 1.5. Kipande cha waya kimetolewa. Laivu L, nyutro N, waya ya balbu kwenye tundu la hita. Kioo hakizimi tena.

Kontakta_Mwanjelwa:
Kabla hujafurahi, tazama mgongoni. Themostati za sura hii huuzwa aina tatu zinazofanana usoni: ya hita ya umeme, 16A; ya valvu ya maji, 3A; na ya boila, ambayo tundu lake la kutolea halina umeme wowote, linafunga na kufungua tu. Wengi hununua ya 3A kwa kuwa iko dukani.

Balbu zako 4 ni wati 1000, yaani 4.35A. Hiyo ni zikishashika moto. Waya ya ndani ya balbu ikiwa baridi, ukinzani wake ni karibu sehemu ya kumi tu ya ule wa ikiwaka, hivyo mwanzo zinavuta zaidi ya 40A kwa kitambo kidogo sana. Rilei ya 3A itagandana mapema. Dalili yake: kioo kinasema imezima, balbu zinaendelea kuwaka, vifaranga wanajibanza kwenye kuta wakihema midomo wazi. Hata kwa 16A mimi ningeweka kontakta (swichi kubwa inayofungwa na koili yake ikipata umeme) ya 20A au 25A, koili ya volti 230. Tundu la hita liende A1, nyutro A2, ndizo ncha za koili. Laivu ya breka iingie 1, itokee 2 kwenda balbu. Themostati inabaki na kazi ya kuvuta koili tu.

Na holda ziwe za kauri. Za plastiki zinayeyuka kwa wati 250.

Mama_Bruda_Makambako:
Kaka, wiring umepona, sasa sensa. Ile ya ndani inasoma joto la ukuta, na ukuta wa Mafinga asubuhi ni barafu. Itakaa imewasha wakati chini vifaranga wanaungua. Funga sensa ya nje kwenye matundu yake mawili, kisha kwenye mipangilio uchague isome ya nje. Ining'inize usawa wa mgongo wa kifaranga, kama sentimita 5 hadi 8 juu ya pumba, pembeni kidogo ya mwanga. Balbu ikiipiga usoni itasoma joto lisilokuwepo.

Ipime kwa maltimita upande wa omu (ukinzani): nyingi ni za kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25. Ukiishika kiganjani namba ishuke kuelekea 7. Isiposhuka, imekatika au imepigwa shoti. Waya yake usiifunge pamoja na ya umeme mkubwa.

Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama 3 kila wiki. Lakini waangalie wenyewe: wakirundikana chini ya balbu, wana baridi.

Njombe_Parachichi:
Mimi nina themostati ya kutoka Marekani, ina matundu ya R, C, W, Y na G. Naweza kuiweka?

Kontakta_Mwanjelwa:
Hiyo ni ya volti 24 kutoka kwenye transfoma. Ukiilisha 230 inalipuka. C ndiyo njia yake ya kurudishia umeme, kama nyutro ya huyu ndugu. Labda uwe na transfoma ya 230 kwenda 24 na rilei ya koili ya 24. Gharama yake unanunua ya 230.

Vifaranga_Mafinga:
Mgongoni imeandikwa 3A. Kontakta nafuata kesho asubuhi. Waifai nayo imegoma, simu inaiona lakini haiungi.

Fundi_Uyole:
Vifaa hivi vingi vinashika gigahezi 2.4 pekee. Kwenye ruta tenganisha 2.4 na 5, vipe majina tofauti, uunge na 2.4. Hata intaneti ikikatika, nyuzi ulizoweka kwenye kioo zinaendelea kufanya kazi. Kesho ukimaliza kontakta, zima breka dakika moja, rudisha, uone kama themostati inaamka ikiwa imewasha au imezima. Ikiamka imezima, ibadilishe kwenye mipangilio kabla ya Jumamosi, maana umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi, hutakuwepo kubonyeza.