Mjadala: Sanamu ya Mwafrika irudishwe mbele ya jumba la Dunham Massey?

Wadau, naleta mjadala huu nikiwa tayari na upande: sanamu ile isirudi pale ilipokuwa.

Kwa wasioijua habari yenyewe, Dunham Massey ni jumba la makabaila karibu na Altrincham, kusini ya Manchester, Uingereza. Katika uwanja wa mbele ilikaa sanamu ya madini ya risasi ya mwanamume Mwafrika: amepiga goti, kiunoni kavishwa majani, kichwani kabebeshwa saa ya jua. Ni kazi ya karne ya 18, enzi za George Booth, Earl wa pili wa Warrington. Mwaka 1976 jumba likaachiwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, kwa wosia. Juni 2020, siku chache baada ya waandamanaji wa Bristol kuitupa majini sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa, National Trust wakaiondoa hii ya Dunham Massey. Ugomvi ukaanza.

Wapo wanaosema huyu si mtumwa, ni alama ya bara la Afrika, kwani wasanii wa wakati ule walizoea kuyaonyesha mabara kwa umbo la watu. Sawa. Lakini tuifuate asili ya umbo lenyewe. Mchongaji John Nost alitengeneza sanamu ya namna hii mwaka 1701 kwa bustani ya Mfalme William III pale Hampton Court, na wenye majumba wakaiga. William huyohuyo, mwaka 1689, alipokea kutoka kwa Colston hisa za pauni 1,000 za Royal African Company, kampuni iliyowavusha Waafrika bahari kwenda utumwani. Afrika iliyopigishwa goti bustanini mwa mfalme ndiyo Afrika iliyokuwa ikimpa faida. Hata ikiwa alama, ni alama ya nini?

Wengine wanasema irudishwe na kibao cha maelezo, watu wasome. Kubakiza na kueleza ndio msimamo ambao serikali ya Uingereza iliutangaza mwaka 2021. Hoja hii inasikika ya haki, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi.

Bustani za zama zile hazikupandwa ovyo. Njia zilinyooshwa kwa kamba, miti ikasimama kwa safu, vichaka vikakatwa kwa mkasi hadi vikawa kuta, na kila kitu kilipimwa kutoka kwenye jumba. Tazameni picha za Dunham Massey alizochora John Harris katikati ya karne ya 18, kama zinavyoonekana kwa ndege aliye juu: njia za miti zimetawanyika kutoka kwa bwana kwenda pande zote. Katika mpangilio huo, mahali kitu kiliposimama ndipo penye maana yake. Mgeni akifika mlangoni alitakiwa amkute Mwafrika chini, kabeba saa ya mwenye nyumba. Mtoto wa shule anayefika leo ataliona goti kabla hajasoma neno moja.

Tena, tusiambiwe kwamba kuhamisha sanamu ni kufuta historia. Wenye majumba wenyewe, mitindo ilipobadilika, walimlipa mbunifu wa bustani Capability Brown na wenzake wang'oe bustani nzima za mistari na kupanda nyasi na vikundi vya miti.

Wala sitaki sanamu ifichwe ghalani. Iwekwe ndani, usawa wa macho, pamoja na habari za Nost, za William na zile hisa, na mikono ya fundi aliyeimimina risasi ile ionekane pia, kwa sababu ni kazi ya ustadi mkubwa. Uwanjani pabaki wazi.

Sasa wenye mawazo tofauti, hasa mnaoishi Uingereza na mmeshatembea kwenye bustani hizi: hicho kibao mnachokitaka kiandikwe nini, na kisimame wapi, hata kishinde kile linachosema lile goti?