Mrejesho: yule aliyeuliza atajuaje kama anaendelea vizuri kwenye kujifunza pikipiki

Asalaam aleikum jamaa. Niliuliza mwezi uliopita: kila Ijumaa asubuhi nazunguka kiwanja cha mpira hapa Wete kwa pikipiki na saa mkononi, muda wa mzunguko haupungui, nitajuaje kama naendelea. Mkanambia niache saa, nipime breki.

Nimepima. Mstari wa chokaa, mwendo 30, nafunga breki, nahesabu hatua mpaka iliposimama. Mwanzo hatua 17, tairi la nyuma likichimba mchanga kama jembe. Kumbe breki ya mbele nilikuwa naiogopa! Sasa naibana taratibu: 11, mara tano mfululizo, hazipishani zaidi ya hatua moja. Kwenye 60 sijathubutu. Mwendo ukiwa mara mbili, masafa ya kusimama huwa mara nne, na kiwanja chenyewe kinaishia kwenye mikarafuu.

Saa nimemrejeshea kaka.