Kwa nini surua inachanjwa siku moja tu kwa wiki?

Mjumbe wa Kamati ya Zahanati
Wakuu, habari za kazi. Zahanati ya kijiji chetu inachanja surua-rubella Alhamisi pekee, na hata siku hiyo wakija watoto watatu wanaambiwa warudi wiki ijayo, eti chupa haifunguliwi kwa watoto wachache. Pentavalenti (ile ya magonjwa matano) na polio zinatolewa kila siku. Tukiuliza tunajibiwa ni utaratibu wa WHO. Kuna kitongoji kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mama wa huko akirudishwa mara moja ni vigumu kumwona tena. Ni kweli WHO wameagiza hivyo? Kamati ifanye nini?

Mratibu wa chanjo
Ndugu mjumbe, WHO wanasema kichupa cha surua-rubella kikishachanganywa kitupwe baada ya saa 6 au kliniki ikifungwa, lolote litakalotangulia. Hawasemi kisifunguliwe. Msimamo wao ni kwamba kifunguliwe hata akiwepo mtoto mmoja.

Sababu ya saa 6: chanjo hii huja ikiwa unga, haina dawa ya kuzuia vijidudu. Kijidudu kikiingia na sindano wakati wa kuchanganya, kinazaliana humo humo. Pentavalenti ni ya maji na ina dawa hiyo, hivyo kichupa kilichofunguliwa hutumika hadi siku 28, mradi kimekaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, hakijaisha muda, kifuniko hakijazama kwenye maji, na kile kimraba cha ndani ya duara kwenye lebo, kinachoonyesha kama chanjo imepata joto, bado ni cheupe kuliko duara lenyewe.

Saa 6 zisichezewe. Mwaka 2017 huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta sindano moja ya kuchanganyia imetumika siku nne na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Kwa hiyo andikeni saa ya kufungua juu ya kichupa, na maji ya kuchanganyia yawe ya kiwanda kilekile, yamepoozwa pamoja na chanjo.

Mfamasia, bohari ya dawa
Naongezea kwa upande wa hesabu, maana ndipo Alhamisi inapozaliwa. Chanjo lazima iwe imethibitishwa na WHO, Gavi (shirika la kimataifa la kugharamia chanjo) na serikali wanachangia gharama, UNICEF wananunua. Kichupa cha dozi 10 ni rahisi kwa kila dozi na hakijazi friji, kwa hiyo ndicho kinachofika.

Sasa chukua zahanati yenye watoto 15 kwa mwezi wa miezi 9, na 15 wa miezi 18. Ni dozi 30. Ukiagiza kwa idadi ya watoto tu, unaletewa vichupa 3: unaweza kufungua siku 3 kwa mwezi, basi. Ukiruhusu upotevu wa asilimia 40, unazidisha kwa 1.67, unapata dozi 50, vichupa 5, yaani kama siku moja kwa wiki. Ukitaka kliniki mbili kwa wiki unahitaji vichupa 8, na dozi 50 kati ya 80 zitamwagwa. Kwa vichupa vya dozi 5, siku hizohizo 8 zingetumia dozi 40 na kupoteza 10 tu. Vipo sokoni, ila bei ya dozi iko juu na vinakula nafasi ya friji. Uamuzi huo ni wa taifa. Kiwango cha upotevu kwenye oda ya zahanati, hicho halmashauri inaweza kukirekebisha.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Kamati ianze na rejista ya watoto. Toeni majina ya waliofikisha miezi 9 na 18 bila surua, myapange kwa vitongoji. Kitongoji cha mbali kipelekewe huduma ya mkoba mara moja kwa mwezi, watoto wakusanywe siku moja, kichupa kiishe.

Halafu fungueni daftari la waliorudishwa: tarehe, kitongoji, chanjo. Fomu za mwezi zinauliza dozi ngapi zimetupwa. Mtoto aliyerudishwa nyumbani hana safu. Ndiyo maana muuguzi anaogopa kufungua: akichanja watatu, upotevu wa asilimia 70 unaonekana hadi wilayani, akiwarudisha hakuna anayemuuliza. Pelekeni daftari hilo kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri kabla oda ya robo mwaka haijatumwa. Ikishatumwa mtasubiri miezi mitatu.